Mlima Uliosimama kwa Mpunga: Hekalu Kuu la Thanjavur

 

Kusudi langu ni kulieleza Hekalu la Brihadisvara, mjini Thanjavur, jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Lilikamilishwa mwaka 1010 kwa amri ya Mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola, aliyetawala kuanzia mwaka 985 hadi 1014. Wenyeji huliita kwa Kitamili Periya Kovil, yaani Hekalu Kubwa. Nitalieleza kama jengo na kama nyumba ya ibada kwa pamoja, maana fundi aliyelijenga hakuyatenganisha hayo mawili. Na nitadai jambo moja, ambalo naomba mlipime: kwamba wengi tunaolitazama hekalu hili tunatazama juu, kwenye kilele, ilhali maana yake imeandikwa chini, usawa wa kiuno cha mtu, na imeandikwa kwa hesabu ya mpunga.

Nianze na nilivyofika. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza dada yangu Chennai kwa matibabu, safari ambayo familia nyingi za humu ukumbini zinaijua. Tukaambiwa tusubiri majibu siku nne. Dada akaniambia, "Kaka, usikae hapa kuhesabu mapangaboi. Nenda kalione lile hekalu unalolisoma kila siku." Nikapanda treni ya usiku kuelekea kusini. Kulipopambazuka niliona majaruba ya mpunga pande zote mbili za reli, maji yametulia, yangeyange wamejipanga juu ya matuta. Hilo ni bonde la mto Kaveri. Nchi tambarare kabisa, huoni hata kichuguu. Kisha, juu ya mapaa ya mji, ukatokea mlima.

Hoja ya kwanza, basi, ni hiyo: kwamba hekalu hili ni mlima, na lilikusudiwa kuwa mlima.

Mnara ulio juu ya patakatifu huitwa vimana. Huu wa Thanjavur unakaribia mita 60 kwenda juu, na kitako chake ni mraba wa mita zipatazo 30 kila upande. Ukuta wa chini unapanda wima kwa ghorofa mbili, kisha zinaanza ngazi 13, kila moja imerudi ndani kidogo kuliko iliyo chini yake, hadi juu kabisa kwenye kofia ya pembe nane na chombo cha shaba kilichopakwa dhahabu. Ndani ni uwazi. Mafundi walipanga safu za mawe, kila safu ikichomoza kuelekea ndani kidogo kuliko ya chini, mpaka pande nne zikakutana juu. Hakuna chuma wala boriti inayobeba uzito ule.

Na jiwe lenyewe ni itale. Waliowahi kufika Mwanza wanaijua itale, ile miamba iliyobebana ziwani. Ni jiwe linalokula patasi kabla patasi haijalila. Thanjavur ni udongo wa mto mtupu, hapana mwamba pale. Kila kipande kilibidi kikokotwe kutoka upande wa Tiruchirappalli, kiasi cha kilomita 50 hivi. Na kazi ya kuyapandisha mawe hayo, kuyapanga na kuyachonga ilikwisha ndani ya miaka ipatayo 7 tu.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Katika imani ya Kihindu, Mungu Shiva anakaa mlimani, Kailasa, kwenye theluji za kaskazini, na katikati ya ulimwengu wote umesimama mlima Meru. Ndugu zangu wa Arusha, huu si mlima wenu, majina yamefanana tu. Maandishi ya hekaluni yanalitumia jina la Meru ya Kusini. Mkulima wa Kaveri, ambaye maisha yake yote angezeeka bila kuona mlima wa kweli, aliletewa mlima nyumbani. Ukiwa na jambo hilo kichwani, zile ngazi 13 zinaacha kuwa pambo na zinakuwa miteremko, na vijumba vidogo vya mawe vilivyochongwa kwenye kila ngazi vinakuwa makazi ya miungu mlimani.

Angalieni pia uwiano. Malango yake mawili, yaitwayo gopura, ni mazito na yamenakshiwa, lakini yote mawili ni mafupi kuliko vimana. Unapita lango, unapita lango la pili, na kila hatua mlima unazidi kukua mbele yako. Karne zilizofuata mtindo huo ulipinduliwa. Nendeni Madurai, kwenye hekalu la Meenakshi, mtakuta malango yamepaa angani kwa rangi na sanamu maelfu, na patakatifu pamejificha katikati. Yote mawili ni mazuri. Mimi, kwa kuwa mmeniuliza kabla ya kuingia ukumbini ni lipi ninalolipenda, nasema Thanjavur.

Mtasikia kwamba kivuli cha vimana hakigusi ardhi kamwe. Nimesimama ndani ya kivuli hicho saa kumi alasiri, pamoja na familia iliyokuwa imetandika khanga zao, au tuseme vitambaa vinavyofanana na khanga, watoto wakila machungwa. Kivuli kipo, kipana na cha baridi, na ni neema kubwa kwa mtu aliyevua viatu kwenye sakafu ya mawe yaliyochomwa na jua. Mtasikia pia kwamba ile kofia ya juu ni jiwe moja la tani 80. Wapimaji waliopanda wameona viungo vyake: imeundwa kwa vipande vilivyopachikana. Sioni haja ya kuyashikilia masimulizi hayo. Kupachika vipande vya itale kwa ustadi wa namna ile, mita 60 kutoka chini, ni ajabu ya kutosha.

Hoja ya pili: ndani ya mlima kuna giza, na giza hilo limejengwa kwa makusudi.

Hekalu linatazama mashariki, kwa hiyo mtu huingia akielekea machweo. Kwanza unampita Nandi, fahali wa Shiva, aliyechongwa kwa jiwe moja, urefu wake karibu mita 6, amelala akimkabili bwana wake. Banda lililomfunika ni la karne nyingi baadaye, la enzi za watawala wa Nayaka. Kisha unapanda ngazi, unaingia ukumbi wa nguzo, na mwanga unaanza kupungua. Ukumbi wa pili, mwanga unapungua tena. Kelele za uani zinabaki nyuma. Unafika mahali ambapo hakuna dirisha, na macho yako yanatafuta kitu cha kushika, yanapata mwali mmoja wa taa.

Hapo ndipo ilipo linga, alama ya Shiva, nguzo ya jiwe jeusi lililosuguliwa, yenye kimo cha karibu mita 4. Shiva haonyeshwi hapo kwa sura ya mtu. Nje, ukutani, amechongwa kwa sura nyingi: mwindaji, mcheza ngoma, mwombaji, mshika mishale. Kadiri unavyoingia ndani, sura zinaisha, mpaka inabaki nguzo isiyo na uso. Ninaamini hilo ndilo fundisho kuu la jengo hili, na halihitaji mhubiri. Miguu yako inalisoma.

Waumini huliita tendo la kufika pale darshani. Ni kumwona Mungu, na papo hapo ni kuonwa naye. Kuhani anainua taa, anaizungusha mbele ya linga, jiwe linang'aa kwa nukta moja, watu wanainua mikono juu ya vichwa. Niliposimama nyuma ya kizuizi nilimtazama mama mmoja mbele yangu. Alikuwa na mtoto mgongoni, na mwali ulipoinuka aligeuka ubavu, taratibu, ili mtoto naye aonwe.

Kwa Mhindu, huyo aliye ndani ni mwenye nyumba. Neno lenyewe la Kitamili, kovil, asili yake ni nyumba ya mfalme. Asubuhi anaamshwa, anaogeshwa kwa maziwa na maji, anavikwa, anapewa chakula, anaimbiwa, na usiku mlango unafungwa apumzike. Katika mwezi wa Kitamili wa Aippasi, kati ya Oktoba na Novemba, usiku wa mwezi mpevu, linga ile kubwa hufunikwa yote kwa wali. Wali mweupe, uliopikwa na kupoozwa, unapakazwa na kushindiliwa kwa mikono hadi jiwe jeusi halionekani tena, kisha unagawiwa watu. Sisi tunaokula wali tujaribu kuwaza ni sufuria ngapi zinahitajika kumfunika mwenye nyumba wa mita 4.

Shikeni hilo la wali, nitalirudia.

Kabla ya kutoka humo ndani, jambo moja la kiufundi. Patakatifu pana kuta mbili, na kati yake kuna ushoroba unaozunguka, ghorofa ya chini na ya juu. Ushoroba wa juu una michongo ya Shiva akicheza. Elimu ya kale ya ngoma ya India inahesabu mikao 108 ya mwili iitwayo karana. Wachongaji walikamilisha 81. Mawe 27 yaliyobaki yamepangwa, yamesawazishwa, na ni matupu hadi leo. Yanasubiri.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonileta hapa, na Mwenyekiti anisamehe nikivuka dakika.

Tokeni nje, inamisheni macho kutoka kileleni hadi kwenye kitako cha vimana. Mtaona mistari. Mstari baada ya mstari wa maandishi ya Kitamili yaliyochimbwa ndani ya itale, yakizunguka jengo. Yalisomwa na kuchapishwa kuanzia miaka ya 1890 na E. Hultzsch, mtaalamu wa Kijerumani aliyekuwa msomaji wa maandishi ya kale wa serikali ya wakati huo. Mwanzoni mwa maandishi hayo tunaambiwa mfalme alitoa amri akiwa kwenye jumba la kuogea la kasri yake, kwamba alichotoa yeye, alichotoa dada yake mkubwa Kundavai, walichotoa wake zake, na walichotoa watu wengine, vyote vichongwe kwenye jiwe. Kile chombo cha shaba cha kileleni kimo: kilikabidhiwa siku ya 275 ya mwaka wa 25 wa utawala wake, ndiyo maana tunaweza kusema 1010 bila kubahatisha.

Lakini orodha haikomi kwa wafalme. Wamo wacheza ngoma wa hekalu 400, wanawake walioletwa kutoka mahekalu mengine ya nchi ya Chola na kupewa nyumba kuzunguka hekalu jipya. Kila mmoja ameandikwa kwa jina lake, mtaa wake, safu ya nyumba, nyumba ya ngapi, na hekalu alikotoka. Posho yake kwa mwaka ni mpunga, vipimo 100 vya kile walichokiita kalam. Kisha kuna kanuni: akifa au akihama, ndugu wa karibu zaidi aichukue nafasi na posho, na kama ndugu huyo hana ujuzi, atafutwe mwenye ujuzi.

Nimefanya kazi miaka mingi na nyaraka za ajira. Nawaambia kwa dhati kwamba sijaona mkataba wa mtumbuizaji, wa zama zozote, ulioandikwa mahali pagumu kufutika kama pale.

Wamo walimu wa ngoma na wapiga zumari. Wamo waimbaji 48 wa tenzi za Kitamili za watakatifu wa Shiva, na wapiga ngoma wawili wa kuwasindikiza, mmoja wa ngoma ndogo na mwingine wa ngoma kubwa, wote wakilipwa mpunga kila siku. Wamo wabeba miavuli, wawasha taa, wanyunyiza maji, wafinyanzi, madobi, vinyozi, mafundi cherehani wa zama zile zisizo na cherehani, wahunzi wa shaba, sonara, watunza hesabu. Limo jina la fundi mkuu, Kunjaramallan Rajaraja Perunthachan. Majengo mangapi ya miaka 1000 iliyopita yanatupa jina la fundi wake?

Na iko taa. Mtu akitaka taa iwake daima mbele ya Mungu, hatoi fedha zikaliwa zikaisha. Anatoa kondoo majike 96. Wanakabidhiwa wachungaji, na mchungaji anadaiwa kipimo cha samli kila siku, maadamu jua na mwezi vipo. Maandishi ya enzi ile huwaita kondoo hao wasiokufa wala kuzeeka. Maana yake ni ya kihasibu na ni ya imani kwa wakati mmoja: kondoo mmoja akifa, mwanawe anaziba nafasi, hesabu inabaki 96, na taa haizimiki. Ule mwali mmoja niliowaambia, gizani, mbele ya linga, nyuma yake kuna zizi zima na kijiji kizima.

Sasa unganisheni. Mcheza ngoma anaishi kwa mpunga. Mwimbaji anaishi kwa mpunga. Mpunga unatoka vijiji vilivyopangiwa hekalu, vingi vikiwa kando ya Kaveri, na vingine mbali hadi Sri Lanka iliyokuwa chini ya Wachola. Na usiku wa mwezi mpevu wa Aippasi mpunga ule ule, umeshakuwa wali, unamfunika Mungu mwenyewe kisha unarudi kwa watu. Ule mlima wa itale umesimama juu ya majaruba. Aliyeamuru kitako chake kijazwe hesabu za mpunga alijua hivyo, naye alitaka kila apitaye ajue.

Haki inanidai niseme pia yaliyo machungu. Maandishi yale yale yanaeleza kuwa sehemu ya dhahabu na fedha ilitokana na hazina zilizotekwa kwa wafalme wa Chera na Pandya. Vijiji vya Sri Lanka havikuulizwa. Wale wanawake 400 wametajwa kwa heshima, lakini hakuna mstari unaotuambia kama walipenda kuhama. Na kwa karne nyingi mkulima wa tabaka lililodharauliwa, ambaye jasho lake lilikuwa ndani ya ule mpunga, alizuiwa kuvuka lango la mahekalu makubwa. Ilifika mwaka 1939 ndipo sheria katika Jimbo la Madras ilipoanza kuwafungulia milango. Anayelipenda hekalu hili ayashike na haya.

Hoja ya nne ni fupi: hekalu hili halijakoma kuandikwa.

Mwaka 1931 mtafiti S. K. Govindaswami aliingia kwenye ule ushoroba wa chini na kugundua kwamba nyuma ya picha za ukutani za enzi za Nayaka, pale lipu ilipobanduka, kulikuwa na picha nyingine za kale zaidi, za Wachola wenyewe, zilizochorwa juu ya chokaa mbichi. Baadaye wataalamu wa Idara ya Akiolojia ya India walibuni njia ya kuzibandua picha za juu bila kuziharibu na kuzihifadhi kwenye mbao maalumu, ili zote mbili ziishi. UNESCO ililiweka hekalu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, na mwaka 2004 ikaliunganisha na ndugu zake wawili, Gangaikonda Cholapuram na Darasuram, kwa jina la Mahekalu Makuu ya Chola Yaliyo Hai. Neno "hai" lilichaguliwa kwa uzito wake. Mwaka 1997, wakati wa ibada za kuliweka wakfu upya, moto ulizuka ukaua watu zaidi ya 40. Ibada hiyo ilipofanyika tena tarehe 5 Februari 2020, watu walibishana hadi mahakamani: isomwe kwa Kisanskriti au kwa Kitamili? Ikasomwa kwa lugha zote mbili. Hakuna anayekwenda mahakamani kugombea lugha ya ibada katika gofu.

Mwenyekiti amenionyesha saa. Namalizia.

Bahari iliyokuwa ikipitisha merikebu za Wachola ndiyo hii yetu, na kaskazi ndiyo hiyo hiyo. Huko Shanga, kisiwani Pate, wanaakiolojia walichimbua sanamu ndogo ya simba ya shaba, ya mnamo mwaka 1100, yenye mtindo wa Kihindi. Na ukutani mwa msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, miaka 97 tu baada ya kilele cha Thanjavur kuwekwa dhahabu. Katika muda usiofika karne moja, pande mbili za bahari moja, watu walikuwa wakiweka kumbukumbu zao kwenye jiwe. Natamani mmoja wenu vijana ayasome maandishi hayo kwa pamoja, kwa macho ya mtu anayejua Kiswahili.

Kwa upande wangu nimeanza kazi moja, na hapa naomba wasaidizi wawili au watatu wenye subira. Naiweka kwa Kiswahili ile orodha ya wacheza ngoma 400, jina kwa jina, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, pamoja na hekalu alikotoka kila mmoja. Nimemaliza safu ya kwanza ya mtaa wa kusini. Anayetaka kujiunga aniandikie namba yake kwenye karatasi iliyo mezani pale mlangoni, na Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi tutaanza na safu ya pili.